Mume wa Kukodi wa Namusenwa

Jumanne ndiyo siku ya wajawazito katika kituo chetu cha afya cha Namusenwa, na utaratibu wa pale kila mtu anaujua: mwanamke aliyekuja na mumewe anaonwa kwanza. Aliyekuja peke yake anakaa benchi la nyuma mpaka wenye waume waishe, na Jumanne nyingine hawaishi hadi saa nane. Wakubwa walikuwa na nia njema. Walitaka wanaume nao wapimwe damu, waache kuwatuma wake zao wakapimwe kwa niaba yao. Lakini ukimwambia mwanamume wa Busoga aende kliniki ya uzazi, utadhani umemwambia avae gomesi la mkewe. Basi wanawake wakatumia akili. Mkabala na lango la kituo pana stendi ya bodaboda, na kwenye stendi hapakosi mwanamume aliyekaa bure.

Hivyo ndivyo Mukembo alivyopata kazi ya pili. Alikuwa na sura ya mume: mrefu, mpole, shati limechomekwa vizuri. "Leo wewe ni Bwana Balikowa," aliambiwa pale langoni, naye akawa Balikowa mpaka wamalize. Alijua kubeba mkoba wa mama, alijua kuuliza swali moja la busara kuhusu vidonge vya kuongeza damu, halafu akanyamaza kama waume wengine. Kidole alikitoa kichomwe bila wasiwasi, maana alijijua. Malipo yalikuwa mafuta ya pikipiki na sahani ya viazi vitamu kwa mchuzi wa karanga. Wenzake walimwita Mume wa Taifa, na yeye jina lile lilimchekesha.

Mke wake mwenyewe aliitwa Naigaga. Abiria wa kike kwetu hukaa upande, mkono mmoja umeshika chuma cha nyuma ya kiti. Naigaga alikuwa hajawahi kushika chuma kile tangu siku aliyoolewa. Alimkumbatia Mukembo kiunoni, shavu likaegemea mgongoni, na watu walipopiga miluzi barabarani hakujali. Walikuwa na miaka mitano ya ndoa, mimba moja iliyotoka changa, na mama yake Mukembo ambaye kila Krismasi aliuliza kwa sauti kama kwenye nyumba ile wanalala au wanakesha. Sasa Naigaga alikuwa na mimba ya miezi sita. Tumbo lile lilisubiriwa na mji mzima.

Alikuwa hajakanyaga kliniki hata mara moja. "Twende Jumanne hii," alikuwa akisema, naye Mukembo akijibu, "Jumanne ijayo, mke wangu. Kazi imekaza." Na Naigaga alikuwa na aibu ya kukaa benchi la nyuma peke yake, akaonekana kama aliyepewa mimba na upepo. Akangoja.

Zamani kidogo kazi ilikuwa imekaza kweli. Sasa sababu ilikuwa nyingine, nayo ilianzia Luuka, kwenye sherehe ya kuvunja matanga ya mjomba wake.

Tuseme ukweli, maana watu hupenda kusingizia pombe. Pombe ya mtama haikumpeleka Mukembo kwa yule mwanamke, ilimsindikiza tu. Walikuwa wanafahamiana tangu ujana, walicheka, walicheza ngoma, na kabla ya jogoo wa kwanza mambo yakawa yamekwisha kuwa. Mpira ulikuwemo mfukoni, ule wa bure unaogawiwa kituoni, na mfukoni ukabaki. Alirudi nyumbani na kuku wawili wa zawadi. Naigaga wakati huo alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Alimpokea kwa magoti kama ilivyo desturi, na maisha yakaendelea, chumbani pia.

Wiki ya nne Mukembo alikuwa anaoga nyuma ya nyumba, ndani ya ule ua wa majani ya migomba, mkono wake ukapita juu ya kitu. Aliinama akatazama. Kilikuwa kidonda kimoja, cha mviringo, kigumu pembeni, safi katikati, pale pale pasipotajwa mbele ya wakwe. Akakibonyeza. Hakikuuma. Akakibonyeza tena kwa nguvu, akiomba kiwe na maumivu, kwa sababu kidonda kinachouma mtu anakielewa: ni zipu, ni mwiba, ni mdudu. Hiki hakikuuma hata kidogo, na maji yakapoa kwenye kata akiwa amesimama vile vile.

Siku zilizofuata alikuwa mtu wa kujificha. Alikuwa akimshusha abiria, anaingia nyuma ya miwa, anatazama. Kipo. Anarudi stendi, anakaa, anainuka tena. Alihisi homa isiyokuwepo. Alitazama kila mgonjwa mwembamba aliyetoka kituoni, akajiona. Kitandani aligeukia ukutani na kusema mgongo unamuuma kwa sababu ya mashimo ya barabara, na Naigaga, maskini, akamkanda mgongo.

Mwisho akaona aulize. Kwenye stendi alikuwepo Dhikusooka, mwenye mdomo mrefu kuliko barabara ya Kamuli, na ujuzi wa dawa zote ambazo hajasomea.

"Kuna rafiki yangu mmoja," Mukembo alianza, akijifanya anafuta taa ya pikipiki. "Ametokwa na kidonda. Huko chini."

"Rafiki yako huyo," Dhikusooka akauliza, "pikipiki yake ni nyekundu?"

Stendi nzima ilicheka. Pikipiki nyekundu pale ilikuwa moja.

"Nyamaza wewe, nauliza kwa ajili ya mtu."

"Mwambie huyo mtu asilie. Anunue vidonge vya rangi mbili pale dukani, ameze siku tatu, na asimwage maziwa kwenye kila chungu anachokuta. Mimi mwenyewe nilishapata, nikameza, kikaisha. Sasa hivi niko kama mpya."

"Mpya wapi!" mwingine akadakia. "Pikipiki yenyewe husukumwa ikikataa kuwaka."

Mukembo alicheka nao, meno tu. Alinunua vidonge vya rangi mbili kwa kijana wa duka ambaye hakumuuliza kitu, akameza siku tatu, akaongeza ya nne kwa woga. Naam, kidonda kikaanza kunywea. Wiki moja, mbili, kikafunga chenyewe, pakabaki alama ndogo. Siku ile aliimba njia nzima kutoka sokoni. Alimnunulia Naigaga samaki mzima kutoka ziwani na akamwambia hata mgongo umepona.

Hapo ndipo angepaswa kwenda kituoni. Kituo chenyewe kilikuwa hatua thelathini kutoka kiti cha pikipiki yake! Lakini mtu aliyeponea chupuchupu haendi kumwamsha chui ili amshukuru. Hata kazi ya kukodiwa aliiacha, kwa kuogopa kile kidole kitasema nini. Wanawake walimwita toka upande wa pili wa barabara, yeye akajifanya anatengeneza cheni.

Kisha viganja vikamtoka madoa.

Yalikuwa mekundu ya kufifia, hayawashi, viganja vyote viwili, na alipovua viatu akayakuta kwenye nyayo pia. Mukembo aliamua kwamba ni mpira wa usukani, ule wa Kichina, unachubua. Akanunua glavu. Jua la Busoga unalijua au hulijui, lakini mwanamume anayevaa glavu za sufu saa saba mchana ana kitu anachokificha, na stendi wakampa jina jipya: Daktari wa Kupasua. Nyumbani alisema anahisi baridi. Akala kwa kijiko, yeye ambaye maisha yake yote alikuwa akimega ugali wa ulezi kwa mkono na kuwacheka wanaokula kwa vijiko.

"Unaumwa?" Naigaga aliuliza.

"Siumwi."

"Basi Jumanne twende. Mtoto anacheza sana, nataka wamsikilize."

"Jumanne ijayo."

Naigaga alimtazama, akatazama kijiko, akaondoa vyombo. Usiulize alikuwa anawaza nini. Hata Mukembo aliogopa kuuliza.

Woga ndio uliompa akili ile, na akili ya woga huwa fupi. Jumanne iliyofuata alivuka barabara mama mmoja kutoka mashamba ya miwa, Nangobi, mimba ya miezi mitano, mumewe dereva wa malori Juba. Alikuwa anatafuta mume mpaka saa tano tu. Mukembo aliinuka kabla ya wengine. Aliona njia: damu ipimwe, majibu yasomwe, na jina kwenye daftari liwe la mtu mwingine. Ikiwa safi, atakuwa amejua. Ikiwa chafu, atakuwa amejua, na Namusenwa haitajua.

"Mume wangu anaitwa Wambuzi," Nangobi alimwambia wakipita langoni. "Na usiongee sana, yeye si muongeaji."

Sista Kaudha, muuguzi wa kliniki, ni mama wa makamo mwenye miwani inayoning'inia shingoni. Anaona watu sabini kwa siku na hatazami nyuso, anatazama vidole. Alichoma cha Nangobi, alichoma cha Mukembo, akawaambia wakae nje. Benchi lile Mukembo alikuwa amelikalia mara nyingi akisinzia. Siku ile hakusinzia. Alisoma bango la chanjo mpaka akajua kila herufi yake. Nangobi alimega andazi akampa nusu, na hakuweza kulimeza.

Wakaitwa. Mlango ukafungwa.

"Mama, uko salama," Sista akasema. "Damu yako haina tatizo lolote. Bwana Wambuzi, virusi vya ukimwi havijaonekana, lakini utarudi baada ya miezi mitatu turudie. Ila una kaswende."

Nangobi aliruka kutoka kwenye kiti, tumbo na yote.

"Sista! Sista, huyu si wangu! Huyu nimemkodi pale stendi! Wallahi mume wangu yuko Juba, huyu mtu simjui hata jina!"

"Mama, punguza sauti."

"Nipunguze vipi? Umeniandikia kaswende kwenye kitabu! Futa! Futa jina la Wambuzi hapo!" Akageuka kwa Mukembo. "Na wewe sebo, bwana mzima, unajua una maradhi, unakuja kuyaweka kwenye jina la mume wa mtu? Mama yako alikufundisha hivyo?"

Sista alifuta, akamtuliza, akampa vidonge vyake, akamtoa. Kisha akavaa miwani. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kumchoma yule mwanamume kidole, akamtazama usoni, na akamkumbuka. Alikuwa Balikowa mwezi wa tatu. Alikuwa Kirunda mwezi wa pili, akauliza swali zuri sana kuhusu vidonge.

"Sasa niambie," akasema taratibu. "Wewe ni mume wa nani?"

Hapo ndipo Mukembo alipovunjika. Alivua glavu, akaziweka mezani, viganja juu, akalia kama mtoto aliyenyang'anywa. Aliitaja Luuka, kidonda, vidonge vya rangi mbili. Akataja jina la Naigaga.

"Ana mimba?"

"Ya miezi sita."

Sista Kaudha hakumkaripia, na ingekuwa afadhali angemkaripia.

"Kidonda cha kaswende huisha chenyewe, umeze dawa usimeze," akasema. "Kidonda kinaondoka, ugonjwa unabaki ndani. Na ukimwingia mama unaenda kwa mtoto. Anaweza kuzaliwa mfu. Anaweza kuzaliwa hai, akaumwa. Ulipokuwa unakuja hapa na wake za watu, wako alikuwa wapi?"

"Nilimwambia Jumanne ijayo."

"Usingoje Jumanne. Mlete kesho asubuhi. Sindano zipo, na muda bado upo, ila si mwingi. Na wewe utamwambia mwenyewe, mimi sitakusemea. Geuka."

Alipigwa sindano pande zote mbili, nzito, na akarudi nyumbani akiwa amesimama juu ya pikipiki kwa sababu kukaa kulikuwa hakukaliki. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Njia nzima methali ile ilikuwa naye, na mara hii hakuwa na ukuta wa kugeukia.

Naigaga alikuwa uani anamenya karanga. Alipomwona akafuta mikono, akapiga magoti kwa shida kwa sababu ya tumbo, akaanza kumsalimu: "Karibu, bwana, umeshindaje..."

"Inuka," Mukembo akasema.

"Kuna nini?"

"Inuka, Naigaga. Usinipigie magoti leo."

Hakuinuka. Akabaki pale pale chini kati ya maganda, na Mukembo akalazimika kuchuchumaa mbele yake, matako yanawaka, akayasema yote. Hakuruka kitu. Alipofika kwenye habari ya Luuka, Naigaga alirudia kumenya karanga. Alipofika kwenye kidonda, akaendelea kumenya. Alipofika kwa mtoto, vidole vikasimama.

"Anacheza," akasema. "Asubuhi hii alicheza. Mtoto mgonjwa anacheza?"

"Sijui. Sista anasema muda upo. Twende kesho."

"Na huyo Nangobi ni nani?"

"Si kitu. Alinikodi tu, awe na mume pale mlangoni. Wengi hunikodi."

Naigaga aliinua uso, na machozi ambayo hayakutoka kwa ajili ya Luuka yakatoka sasa.

"Wengi," akasema. "Kumbe ulikuwa unakwenda. Nilidhani unaona aibu kama wanaume wengine, nikakutetea hata kwa mama yangu. Kumbe unaingia, unabeba mikoba ya wake za watu, unachomwa kidole. Na mimi unaniambia Jumanne ijayo."

Naigaga alimaliza karanga zote. Akapika, akapakua, akampelekea chakula, na yeye akaenda kula kwa jirani.

Asubuhi alitoka amevaa gomesi lake la kanisani, mshipi umefungwa juu ya tumbo. Alikaa upande, kama abiria. Mukembo alingoja mikono ije kiunoni kama siku zote. Alisikia kucha zake zikigonga chuma cha nyuma, zikashika hapo. Akawasha pikipiki, akaendesha polepole kuliko alivyowahi kuendesha, na mgongo wake ukapata baridi njia nzima.

Pale stendi Dhikusooka aliwaona kabla hawajasimama. "Mume wa Taifa! Na si Jumanne! Leo umepewa yupi?"

"Leo ni mke wangu," Mukembo akasema.

Wenye kicheko wakakimeza. Naigaga alishuka bila kushika bega lake, akatangulia langoni.

Sista Kaudha alikwishafungua daftari. Aliandika jina la mama, kijiji, miezi. Kisha akauliza, kalamu tayari, "Jina la mume?"

Mukembo alikaa akingoja. Ndivyo alivyozoea, pale huambiwa na mwanamke leo yeye ni nani. Alimtazama Naigaga, na Naigaga alikuwa anatazama dirishani, midomo imefungwa. Sista naye akangoja. Nje mtoto wa mtu alilia akanyamazishwa.

"Mukembo," akasema mwishowe. "Mukembo Yokana."

Lilikuwa halijawahi kuandikwa kwenye daftari lile.

Damu ya Naigaga nayo ilikuwa na kaswende. Hakulia aliposikia, alisema tu "haya" na kujilaza, akageuka upande, akapigwa sindano ya kwanza kati ya tatu, moja kila wiki. Sista akaweka ile pembe ya kusikilizia juu ya tumbo, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Moyo unapiga," akasema Sista. "Mengine tutayajua akizaliwa. Msikose hata sindano moja."

Walirudi kama walivyokuja, yeye mbele, mkewe nyuma ameshika chuma. Nyumbani Naigaga alishuka taratibu, akanyoosha gomesi, akasimama wima. Hakupiga magoti, na Mukembo hakutarajia.

"Asante, sebo," alimwambia, kama abiria wote wanavyomwambia.

Akaelekea mlangoni, mkono mmoja chini ya tumbo. Mukembo alikuwa bado juu ya pikipiki, injini imezimwa, hajui kama ashuke au aondoke.

"Jumatano ijayo," Naigaga akasema bila kugeuka, "uwe hapa mapema. Ukichelewa nitakodi mtu."